Ucheshi wa Guka Una Deni?

Makanga wa Baba Dogo wana tabia moja. Shosho akipanda matatu wanamshika mkono: "Ingia, msupa wangu." Gari lote linacheka, shosho pia anacheka, safari inaendelea. Hakuna anayejiuliza kama shosho ameamini. Tunajua hajaamini. Ama tunajiambia hivyo.

Nawaza haya kwa sababu ya mzee mmoja hapa Lucky Summer. Mtaani anaitwa Guka tu. Ni mgane, yaani mwanamume aliyefiwa na mke, neno ambalo sijawahi kulisikia nje ya kamusi. Husaidia kuendesha kikundi cha wazee kinachokutana kila Alhamisi mchana: chai, mandazi, drafti ya vifuniko vya soda, na mchango wa shilingi 50 wa kusaidiana mtu akilazwa au akifiwa. Mwenyekiti ni mama mmoja mkali wa hesabu. Guka hana cheo. Yeye hupanga viti, hupigia simu waliokosa, na humfanya kila anayeingia ahisi kwamba siku ilikuwa inamngoja yeye. "Hiyo leso umeivaa kunimaliza," anasema. Anakumbuka goti la nani linauma na mjukuu wa nani anafanya mtihani. Mimi hupita kuwasomea meseji na kuwajazia fomu, so nimeona mengi.

Mwaka huu kukawa na stori. Shosho mmoja, mjane, alianza kufika mapema kuliko wote, nywele zimesukwa, na githeri ya Guka kwenye kontena. Siku moja akamuuliza wazi nia yake ni gani. Guka akacheka, akidhani utani bado unaendelea. Shosho akachukua mkoba wake, akakosa Alhamisi tatu. Kikundi kikagawanyika. Wengine wakasema Guka anacheza na roho za watu. Wengine wakasema mtu wa miaka 70 na kitu anafaa kujua utani ni utani.

Swali lenyewe ni hili: ukimfanya mtu ajione wa maana, unawajibika kwa matumaini yanayoota hapo?

Kabla karo haijanishinda nikaacha chuo, nilisoma somo moja la falsafa, na humo nikakutana na Immanuel Kant. Katika kitabu chake cha 1785 kuhusu msingi wa maadili, anawataja watu wanaosaidia wengine kwa sababu kueneza furaha kunawafurahisha wao wenyewe. Anasema tendo lao linafaa kusifiwa, lakini halina thamani ya kweli ya kimaadili, maana wanafuata tu hulka yao. Kisha anatuchorea mtu huyo akiwa amefunikwa na huzuni yake mwenyewe, hana hamu tena na shida za watu, lakini anajivuta na kusaidia kwa sababu ni wajibu. Hapo ndipo Kant anaiona thamani.

Guka ni watu hao wawili ndani ya koti moja. Kuna Alhamisi anafurahi kweli. Kuna zingine, hasa karibu na mwezi aliofiwa, unamwona amesimama nje ya mlango akivuta pumzi kabla hajaingia kusalimia. Kant angempa alama siku hizo za pili. Lakini shosho aliyekaa ndani hajui leo ni siku gani. Kwake salamu ni ileile. Kant anamtazama anayetoa. Mimi nataka kumtazama anayepokea.

Na anayepokea hapa ana njaa ya kuonekana. Ibara ya 57 ya Katiba ya 2010 inawaahidi wazee heshima, kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, na kutunzwa na familia na serikali. Kuna Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi. Lakini huwezi kwenda ofisi yoyote kudai mtu akutazame ukiingia. Na hapo Korogocho, jirani kabisa, kuna shosho waliojifunza ngumi na mateke katika kikundi cha Shosho Jikinge, kwa sababu wazee kama wao walikuwa wanaibiwa na kubakwa. Mahali ambapo mwanamume akikukaribia unaanza kwa kuogopa, mwanamume anayekuvutia kiti amekupa kitu kikubwa.

Basi kama ni kitu kikubwa, kina deni. Hatuwezi kusifu ucheshi wa Guka kwamba unawatoa wazee kwenye upweke, halafu mambo yakiharibika tuseme ulikuwa mchezo.

Wale wanaosema "anafaa kujua" wamemkosea huyo shosho kuliko Guka alivyomkosea. Wanamaanisha kwamba mwili ukizeeka, tumaini linafungwa. Ndiyo maana tunawaita shosho "msupa" bila woga. Dem wa rika letu ukimwambia hivyo kila wiki, ukambuka na mpaka jina la paka wake, huwezi kushangaa akiuliza mnaelekea wapi. Kwa shosho tunashangaa, kwa sababu tulishamtoa kwenye hesabu ya watu wanaoweza kutuamini. Tunaiita heshima, lakini ni dharau iliyopakwa asali.

Deni lenyewe halilipwi kwa ndoa. Halilipwi kwa kununa pia, maana hapo utakuwa umewanyima wengine wote. Nadhani linalipwa kwa kumjibu aliyeuliza kama mtu aliyeuliza swali. Guka alienda. Mchana kweupe, pamoja na mwenyekiti, wakakaa mlangoni kwa shosho. Mwenyekiti ananiambia Guka alisema hatafuti mke, kwamba hakufaa kucheka, na kwamba kiti chake bado kipo. Shosho akajibu, "Hayo ungeyasema siku ile." Kisha akawapa chai.

Amerudi. Anakaa upande wa drafti na anawachapa wazee bila huruma. Guka anamsalimia kwa jina lake, basi. Wengine wanalalamika kwamba Alhamisi zimepoa, na sikatai.

Juzi Guka aliniuliza, kwa sauti ya chini, kama bado anaruhusiwa kusifia leso ya mtu. Nikamwambia asifie, Guka, kama ni nzuri kweli, na akiulizwa zaidi ajibu.