Debe la Saba

Februari ni mwezi mgumu Iringa. Mahindi mapya yangali mabichi shambani, na ya mwaka uliopita yamekwisha katika nyumba nyingi. Ni katika mwezi huo jirani yangu alipobisha hodi, akanisalimu, "Kamwene, mwalimu," akaomba nimuuzie gunia moja. Nilikuwa nayo ishirini stoo. Nilipolivuta la kwanza akalitambua kwa uzi wa katani alioushona mwenyewe mwezi wa Julai. Nilikuwa karibu kumuuzia mahindi yake mwenyewe, kwa bei karibu mara mbili ya ile niliyompa.

Je, anayenunua chakula wakati wa mavuno na kukiuza wakati wa njaa ni mwizi, au ni mtumishi wa watu?

Sisi wa rika langu tulifundishwa jibu mapema. Mtu wa namna hiyo aliitwa mlanguzi, na mwaka 1983, katika kampeni ya uhujumu uchumi iliyoongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, wengi walikamatwa. Nafaka ilikuwa ya Shirika la Usagishaji la Taifa. Katika miaka ya 1970 lilianza kununua mahindi kwa bei moja nchi nzima, hata mkulima wa Mbozi, iliyokuwa Mbeya wakati huo, akalipwa sawa na aliye jirani na Dar es Salaam. Nyanda za Juu Kusini zilineemeka, hilo halikanushiki. Lakini malipo yalichelewa, na shirika likazama katika madeni. Kuanzia 1984 vizuizi vya kusafirisha nafaka vikalegezwa, na malori ya watu binafsi yakaanza kupanda milima yetu.

Sitaki kuyalaani malori hayo. Mwenye ghala hubeba hatari ambayo mkulima hukwepa anapouza mapema: dumuzi, unyevu, bei kuanguka. Mwaka 2017 serikali ilipozuia mahindi kwenda nje ya nchi, waliokuwa wamejaza maghala walilia, na wakulima wakalia nao. Tena, chakula kilichotawanyika katika stoo za watu wengi hakiishi kwa siku moja. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula upo tangu 2008, lakini ghala la serikali haliko kila kitongoji. Siku ile stoo iliyokuwa karibu ilikuwa yangu. Basi juu ya bei dhamiri yangu haikunisumbua sana, ingawa najua kwamba anayedaiwa ada ya shule mwezi wa Julai hana uhuru mkubwa wa kuikataa.

Kilichonisumbua ni kipimo. Aliyewahi kusimama Mwanjelwa, Mbeya, akatazama viazi vikipakiwa, anaijua lumbesa: gunia linajazwa, kisha linavishwa kilemba cha wavu juu yake, na bado linahesabiwa moja. Sheria inakataza gunia kuzidi kilo 100. Kila mtu anajua, na kila mtu anashona. Kwa mahindi, gunia ni debe sita; la jirani yangu lilikuwa na saba, kwa sababu dalali wangu alisema ndiyo desturi, nami sikuuliza. Bei hutamkwa, mtu akaisikia, akanung'unika. Debe la saba halitamkwi. Na kama angekuja mtu mwingine Februari ile, ningempimia debe sita kwa bei ya gunia, na la saba lingebaki kwangu bila hata mimi kuona kwamba nimechukua kitu.

Nilimpimia yote saba, kwa bei ya Julai. Alilitazama lile la mwisho, akauliza, "Hili nalo nakudai lini, mwalimu?" Nikamwambia si deni lake, ni langu. Alicheka, akamwita kijana wa mkokoteni.

Yalibaki magunia kumi na tisa. Dalali aliyanunua vijijini, na walioyashona siwajui.