Asiye na Mkubwa wa Kazi, Saa Zake ni za Nani?



Watu wengi wa Baraka na Fizi hawana mkubwa wa kazi. Mmoja anavua, mwingine anakausha ndagala, mwingine anashona nguo, mwingine anakamua mafuta ya mawese. Hakuna kengele ya kuwaita asubuhi, wala karani wa kuandika jina la aliyechelewa. Basi tunauliza: mtu wa namna hii akilala mpaka jua kali, amemkosea nani? Wengine hujibu: “Hakuna. Hasara ni yake mwenyewe.” Sisi tunaona jibu hilo halitoshi.

Tuangalie ziwa letu Tanganyika. Wavuvi wa taa hutoka jioni, na ndagala hufika ufukweni asubuhi. Mama aliyewanunua inafaa awaanike mapema, apate jua la siku nzima. Akichelewa na mvua ikamkuta, samaki wanaoza. Naye hapotezi peke yake: yuko aliyemkopesha, yuko anayengoja kuwapeleka sokoni, wako watoto wanaongoja feza ya masomo. Hivyo na fundi wa cherehani. Anapomwambia mteja “njoo kesho” mara 4, na masomo yanaanza Septemba, saa aliyoichezea ilikuwa ya mtoto asiye na yunifomu. Kumbe asiye na bwana mmoja ana mabwana wengi, ila hao hawamwoni anapolala.

Lakini tusipotee upande wa pili. Kujitegemea si kujiua kwa kazi. Mwezi unapong’aa sana, taa ya mvuvi haivuti samaki vizuri. Kwa hiyo wavuvi hupumzika siku hizo na kutengeneza nyavu. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi katika upande wake wa ziwa, toka 15 Mei mpaka 15 Agosti, ili samaki wazaane. Ikiwa ziwa linahitaji kupumzishwa, je, mwili wa mtu? Mapumziko yenye siku yake ni sehemu ya kazi. Uvivu ni yale yasiyojulikana yataisha lini.

Mtu atasema: “Hapa kwetu vita huvunja kila mpango.” Ni kweli. Vita vya 1996 viliwakimbiza wengi ng’ambo ya ziwa, na kule kambini Nyarugusu siku ya kupokea chakula ilipangwa na wengine. Walioanza kurudi kwa meli mwaka 2005 walishuka Baraka, ambako kila mmoja alipaswa kujipangia siku yake upya. Hatumhukumu aliyezuiwa na bunduki, mvua au ugonjwa. Tunasema tu kwamba utaratibu ni njia ambayo mtu huirudia akiisha kuzuiwa.

Basi tufanye hivi. Kwanza, kila mmoja achague saa yake ya kuanza, aishike hata siku isiyo na mteja. Pili, feza ya kazi isichanganywe na feza ya chumvi. Tatu, tuahidi siku tunayoweza kuitimiza.

Wenye likelemba wanajua: siku ya zamu ikifika, hakuna anayekubali neno “kesho”. Tunatoa kwa sababu wenzetu wanatutazama usoni. Je, tutakuwa waaminifu mbele ya watu tu, na tukibaki peke yetu tuwe watu wengine? Kila mmoja ajijibu mwenyewe kesho asubuhi, kabla jua halijapanda.