Je, Akataaye Chakula Amewakataa Wenyeji?

Swali hili lilinijia hapa Busisi katika karamu ya arusi. Mzee mmoja wa kanisa aliketi mezani, mbele yake ugali na sato, wala hakugusa. Mama mwenye nyumba aliona haya. Jirani wakanong'ona ya kuwa mzee ameingiwa na kiburi tangu atoke hospitali ya mjini.

Kumbe mzee huyo alipasuliwa kwa ajili ya saratani ya umio, yaani ile njia ipelekayo chakula toka kooni mpaka tumboni. Ugonjwa huu waonekana sana upande wetu wa Afrika, tangu Ethiopia mpaka Afrika ya Kusini. Waganga hukata sehemu iliyoharibika, huvuta mfuko wa chakula juu kifuani, na kuuunga na kipande kilichobaki. Uhai huokoka, lakini pengine mshono hufanya kovu, kovu hukaza njia, na tonge ambalo mtoto hulimeza bila kufikiri husimama kifuani kama jiwe. Hapo mgonjwa hana budi kurudi Mwanza apanuliwe njia hiyo. (Afadhali sasa: tangu daraja lilipofunguliwa mwezi wa Juni 2025, hangojei kivuko.) Tena hula kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, ameketi wima, wala halali upesi akiisha kula.

Basi, tumwambieje? Wengine husema, Ale hata kidogo kwa heshima. Mimi naona si haki. Heshima inayomtaka mtu akabwe mbele za watu ni deni asilokopa. Kwetu kula pamoja ni neno kubwa, nami sipendi lidharauliwe. Lakini tulimwalika mtu, naye amekuja. Mtume Paulo aliwakemea Wakorintho kwa sababu wenye haraka walikula wakashiba pasipo kuwajali wenzao. Alaye polepole ni mmoja wa wenzao hao: sisi tumekwisha nawa mikono, na bakuli lake la uji lingali nusu. Mara ngapi tumemwondolea?

Nami nina kosa langu. Mzee huyo aliacha kuja kwenye Meza ya Bwana muda wa miezi saba, nikaandika jina lake kati ya waliopoa. Sikumwuliza. Nilipokwenda kwake hatimaye, aliniambia aliogopa mkate usimkwame, akakohoa, watu wakadhani ameidharau Sakramenti. Nikamwambia kwamba chembe ndogo iliyochovywa katika divai ni sawasawa na kipande kizima, maana Kristo hajitoi kwa mizani.

Akajibu, "Hilo nalijua, Mchungaji. Nilikuwa nangoja uniulize."

Jumapili ya ushirika iliyofuata alikuja, akapiga magoti mwisho wa safu. Alikawia sana kumeza. Mwalimu wa kwaya alitaka kuanzisha wimbo. Nikamzuia kwa mkono.