Kukatwa na Kutoa

Tangu Machi 2024, sheria ya nyumba za bei nafuu inakata asilimia 1.5 ya mshahara wangu, na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho (mwajiri wangu ni nyinyi). Kwa mshahara wa 50,000, hiyo ni 750 kila mwezi.

Juzi mama mmoja mjane wa hapa Kitui aliniambia nyumba yake inavuja. Nikamjibu, "Mama, si serikali inajenga? Tuombe." Akanyamaza. Nilipofika kwangu ndio nikashtuka. Zile nyumba ni za kulipia kila mwezi, na yeye ana mbuzi wanne tu. Tena hataki nyumba mpya, anataka mabati sita.

Silaumu makato. Lakini pesa iliyoondoka kabla sijaishika haikunifikisha mlangoni kwa mtu, nami nilikuwa nimeshaihesabu kama upendo. Matuta mangapi ya Kitui na Makueni yalichimbwa na mwethya, kila mtu na jembe lake!

Nilirudi kuomba msamaha. Akacheka, akanipa uji. Jumamosi saa tatu tunapanda paa. Mabati mawili bado.