Kipimo cha Nyumba ya Wazee

Somo: Matendo ya Mitume 6:1-7



Mwezi huu twataka kufikiri pamoja nanyi juu ya neno ambalo sharika zetu za Shinyanga, Kahama na Geita haziwezi kuliepuka tena, yaani habari ya wazee wasiokaa tena kwa watoto wao, bali hutunzwa katika makazi yaliyowekwa kwa ajili yao. Makazi ya namna hii hayako mbali nasi. Yako ya Serikali huko Kolandoto, katika Manispaa ya Shinyanga, na mengine huko Bukumbi, wilayani Misungwi. Washarika wetu huenda kuwatazama wazee kama hao, kina mama, vijana na kwaya, wamebeba unga, sabuni na sukari. Wakirudi huulizwa, Je, wazee wanatunzwa vema? Nao hujibu, Naam, vema. Tumeona nyumba zimefagiwa, na wazee wametushukuru sana. Basi sisi twauliza: jibu hili limepatikana kwa kipimo gani?

Hatuandiki haya ili kuishitaki nyumba yo yote. Twaandika kwa sababu kutazama ni kazi, nayo ina njia yake, na Maandiko Matakatifu yametufundisha njia hiyo.

Tusome habari za usharika wa kwanza wa Yerusalemu. Usharika ule haukuwa mbovu. Mitume wenyewe walikuwako, na Roho Mtakatifu alikuwa amekwisha kumwagwa. Luka ametuambia nyuma kidogo, katika mlango wa 4, ya kuwa wenye mashamba waliyauza, na kati yao hakuonekana mtu mwenye kupungukiwa. Walakini katika nyumba hiyo njema walikuwamo wajane ambao chakula cha kila siku hakikuwafikia. Kama mgeni angalifika siku ile na kutazama mikate iliyopangwa, angalirudi kwao na kusema kwamba huduma ni njema sana. Mikate ilikuwako kweli. Aliyejua upungufu ni mjane ambaye mkate ulipita mbele yake, ukaenda kwa mwingine.

Katika habari hii twajifunza mambo matatu.

La kwanza: ukweli ulijulikana kwa manung'uniko. Haukujulikana kwa hesabu ya wagawaji, wala kwa sifa za wageni. Mitume hawakuwakemea walionung'unika, wala hawakuwaita watu wasio na shukrani. Waliwasikiliza, wakakutanisha watu wote, wakatengeneza jambo lile.

Ndugu, katika nchi yetu ni vigumu sana mzee kunung'unika. Mtu anayelishwa kwa mkono wa mwingine huuogopa mkono huo. Ajua ya kuwa wageni wataondoka saa kumi, naye atabaki usiku pamoja na yule aliyemtaja. Tena adabu ya wazee wetu hairuhusu kumweleza mgeni habari za njaa. Kwa hiyo shukrani ya mzee ni neno la heshima, lakini haitoshi kuwa ushahidi. Atakaye kujua na aketi chini, mtunzaji asiposimama karibu, wala asiulize kwa jumla kama mambo ni mazuri. Aulize hivi: Jana usiku ulipotaka kwenda chooni, ni nani aliyekushika mkono? Ulipougua mara ya mwisho, zilipita siku ngapi kabla hujapelekwa kwa mganga? Ni nani aliyekuita leo kwa jina lako? Kuna kitu cho chote ulichokiomba ukakataliwa? Na akiisha kuuliza, arudi tena mwezi ujao, maana mzee huanza kusema kweli mara ya tatu, akiisha kuona ya kuwa maneno yake ya kwanza hayakumletea madhara.

La pili: waliosahauliwa walikuwa wa lugha nyingine. Wajane wale walisema Kiyunani katika mji wa Waebrania. Hatusomi kwamba mtu aliwachukia. Luka asema tu ya kuwa waliachwa. Basi tazama hekima ya kanisa. Watu saba waliochaguliwa, Stefano na Filipo na wenzao, wote wana majina ya Kiyunani, na mmoja, Nikolao, alikuwa mtu wa Antiokia aliyeongokea dini ya Kiyahudi. Kazi ilitiwa mikononi mwa watu walioweza kuwaelewa wale waliokuwa wamepitwa.

Neno hili latuhusu. Wako vikongwe wasiojua ila Kisukuma, au Kisumbwa, au Kizinza, na mtunzaji ametoka mkoa mwingine, ana Kiswahili tu. Humwuliza bibi kama anaumwa, naye bibi hutikisa kichwa kwa adabu, na kitabuni huandikwa kwamba hana neno. Lakini akija mtu wa kumwamkia, Mwangaluka, mayu, na kungoja jibu lake, ndipo maumivu ya mgongo ya miezi miwili yatakapotajwa. Kwa hiyo kipimo kimoja cha nyumba ya wazee ni hiki: je, kila mzee anaye mtu mmoja awezaye kumweleza moyo wake kwa lugha ya mama yake?

La tatu: kazi ya meza ilihesabiwa kuwa kazi takatifu. Watu saba hawakuchaguliwa kwa kuwa hawana kazi nyingine. Walitakiwa wenye sifa njema, wenye kujaa Roho na hekima, wakawekewa mikono na mitume. Basi asiseme mtu kwamba kumwogesha mzee ni kazi ya mtu aliyeshindwa shule. Anayegeuza mwili wa mgonjwa kitandani, ili mgongo wake usifanye vidonda, afanya kazi inayostahili kuombewa madhabahuni.

Na kazi ya meza ina mambo madogo ambayo mwenye hekima huyaona. Ugali na michembe ni vyakula vya kwetu, lakini mzee asiye na meno hawezi kutafuna mchembe mkavu. Akipewa, hesabu itaonyesha kwamba amekula, na tumbo lake litaonyesha kwamba hakula. Dawa huletwa mchana, lakini homa hupanda usiku. Basi iulizwe wako watunzaji wangapi usiku, na vitanda vingapi. Choo kizuri kilicho mbali si choo kwa mwenye magoti mabovu. Mlango usiobishwa kabla ya kuingia wamfanya mzee kuwa mtoto. Umoja wa Mataifa, katika kanuni 18 ilizozitoa mwaka 1991 kwa ajili ya wazee, ulisema ya kuwa hata akaaye katika makazi ana haki ya kuheshimiwa imani yake na faragha yake, na kuamua mwenyewe habari za matunzo yake. Na huko Zanzibar, tangu Aprili 2016, Serikali ilianza kumpa pensheni kila mkaaji aliyefikia miaka 70. Fedha hiyo si nyingi, lakini mwenye kushika shilingi yake mwenyewe aweza kusema, Nataka chai. Wala halazimiki kungoja mpaka akumbukwe.

Huenda mtu akasema, Nyumba zetu ni maskini, haya ni mambo ya matajiri. Sivyo, ndugu. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoenea, katika nchi tajiri za Ulaya wazee wengi sana walikufa ndani ya nyumba nzuri za kutunzia wazee, na mara nyingi jamaa zao walizuiwa kuingia kuwaaga. Kuta nzuri na fedha nyingi hazikuwaondolea upweke. Kubisha mlango, kumwita mtu kwa jina, kumngoja amalize neno lake, hayo hayana bei.

Tumekwisha kusema habari za nyumba ya wazee. Sasa sharti tuugeuze uso wetu na kuziangalia nyumba zetu wenyewe, maana hakuna mzee aliyezaliwa katika makazi. Je, alifikaje huko?

Wengine hawakupata mtoto, au watoto wao wamekufa. Hao wapokelewe kwa heshima. Lakini twajua sababu nyingine, na katika Usukuma haifichiki. Miaka mingi mama wazee wa mikoa yetu wamesingiziwa uchawi, wakafukuzwa, na wengi wamekatwa mapanga mpaka kufa. Ushahidi ulikuwa nini? Macho mekundu. Na macho hayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa miaka hamsini jikoni, kwa kupikia kuni mbichi na mavi makavu ya ng'ombe katika nchi iliyokwisha kukatwa miti. Mama aliyewapikia watoto mpaka macho yakaharibika, aliuawa kwa sababu ya macho hayo hayo! Nyuma ya neno la mpiga ramli mara nyingi liko shamba ambalo mtu alitaka kulirithi upesi. Mwaka 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli, lakini ramli haifi kwa amri ikiwa moyo wa Mkristo ungali waiamini. Tusijidanganye. Aendaye kwa mpiga ramli Jumamosi na kwenda kwenye Chakula cha Bwana Jumapili amevunja Amri ya Nne kwa kumdharau mzazi, na ya Nane kwa kumshuhudia uongo, na asipotubu atafika kwenye ya Tano.

Tena iko sababu ya dhahabu. Tangu mgodi mkubwa wa Geita ulipoanza kutoa dhahabu mwaka 2000, na wa Bulyanhulu mwaka uliofuata, na kabla yake kwa ajili ya mashimo ya wachimbaji wadogo, vijana wetu wamekwenda huko kwa maelfu. Kwenda si dhambi. Lakini wako wasiorudi wala kuleta salamu, na mama amebaki peke yake na paa linalovuja. Wako na wengine waliopata, nao huitwa mbele kanisani siku ya mavuno kwa kuwa wametoa ng'ombe wawili, hali mzazi analazwa njaa. Bwana Yesu aliwakemea watu wa namna hii katika Marko 7, waliosema kwamba mali iliyompasa mzazi imekwisha kuwekwa wakfu. Sisi wachungaji na wazee wa kanisa twapaswa kuuliza kabla ya kumpongeza mtoaji: Mama yako yu hali gani?

Walakini hatutaki kumlemea mtu asiyeweza. Yuko mtoto ambaye kweli hana nguvu za kumtunza mzazi asiyejitambua tena. Na akumbuke ya kuwa Bwana mwenyewe, alipokuwa msalabani, alimkabidhi mama yake kwa mwanafunzi aliyempenda, naye akamchukua kwake. Kumkabidhi mzazi si kumtupa. Lakini tazama alivyomkabidhi: alimpa mtu wa kumwita mwana. Paa peke yake halikutosha. Hata Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 imeweka jamaa kuwa wa kwanza katika kumtunza mzee, na makazi kuwa njia ya mwisho. Kwa hiyo anayempeleka mzazi katika makazi na aende naye mpaka mlangoni, kisha arudi kila mara, ili mzee asikose kuitwa mama au baba.

Martin Luther, akieleza Amri ya Nne katika Katekismo Kubwa ya mwaka 1529, alifundisha kwamba heshima ni kubwa kuliko upendo, na ya kuwa wazazi hawaipotezi kwa kuwa maskini, dhaifu au wasumbufu. Wamewekwa na Mungu, na hilo latosha.

Basi tufanye nini? Twawashauri neno hili. Kila usharika ulio karibu na makazi ya wazee uchague watu wachache, wanaume na wanawake, wenye sifa njema na wenye kujua lugha za wazee. Waende kila mwezi, watu wale wale, bila kwaya na bila kupiga picha. Waulize, wasikilize, waandike. Wakiona upungufu, wamwendee kwanza mkuu wa makazi kwa upole na faraghani, kama Bwana alivyotufundisha katika Mathayo 18. Na lisipotengenezwa, walipeleke kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri. Wasimtaje mzee aliyesema, asije akaumizwa. Mchungaji asikose kuwapelekea Chakula cha Bwana. Na mzee akifa, usharika uende kuzika, wimbo uimbwe, jina lake litajwe kwa sauti, ili asiende kaburini kama mtu asiye na ukoo. Tena watu hao hao wawapitie na wazee wakaao vijijini kwetu, maana hao ndio wengi zaidi, na kwao hakuna hata mtunzaji wa kuulizwa.

Ndugu, tukihesabu haya yote twaona tumepungukiwa, na torati yatuhukumu sote. Lakini Mungu wetu amesema kwa kinywa cha Isaya, katika mlango wa 46, ya kuwa yeye aliyewabeba watu wake tangu tumboni atawabeba mpaka mvi zao. Yeye hachoki na mzigo wake. Kristo ametuchukua sisi tulio wazito kuliko mzee ye yote, na dhambi zetu juu yake. Aliyebebwa hivyo aweza kubeba. Na siku yaja, kama alivyoambiwa Petro katika Yohana 21, ambapo mwingine atatufunga nguo sisi wenyewe. Siku hiyo tutataka mtu wa kutusikiliza.

Tuombe. Ee Baba, usiwaache wazee wetu nguvu zao zikiisha. Uwasamehe watoto waliosahau, uwarudishe nyumbani. Uwatie nguvu watunzaji wakeshao usiku. Utufungue masikio tusikie lile ambalo mnyonge hathubutu kulisema. Kwa Yesu Kristo, Bwana wetu. Amin.