Subira ya Kumngoja Mdaiwa

Subira tunaihubiri sana huku kwetu Gatuanyaga, Kenya, na mimi kama mzee wa kanisa nimeisimamia mara nyingi. Mkulima hahitaji kufafanuliwa hilo. Mishiri, yaani maharagwe mabichi ya maganda, huchukua kama siku 45 hadi 60 tangu kupandwa hadi kuchumwa, na mvua ikichelewa hakuna wa kumpigia simu. Huko ni kumngoja Mungu. Lakini tunadaiwa subira nyingine ambayo siioni popote katika Maandiko: kumngoja mnunuzi alipe mzigo aliokwisha kuuchukua.

Mishiri ikianza kuzaa huchumwa mara mbili tatu kwa wiki, asubuhi kabla jua halijakuwa kali, maana ikipitisha siku inanenepa na kukosa gredi. Kibarua anachuma ganda moja moja pamoja na kikonyo chake. Kikonyo kikikatika, ganda hunyauka mapema. Kisha tunakaa kivulini kuchambua: nyembamba huku, nene kidogo kule, zilizopinda na zilizotobolewa na wadudu kando. Gari la kampuni inayotununulia linafika, kreti zinapimwa, napewa karatasi. Mkataba unasema nitalipwa baada ya siku 30. Kilo zitakazokataliwa zitahesabiwa kwenye ghala lao, mimi nikiwa huku shambani.

Jioni vibarua wananizunguka. "Cucu (bibi), leo utatutumia?" Nawatumia kwa M-Pesa mmoja baada ya mwingine, wapitie dukani kununua unga wakielekea nyumbani. Si hisani, ni amri. Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, inaagiza maskini apewe ujira wake siku iyo hiyo, kabla jua halijachwa. Jirani yangu Mwislamu huniambia kwamba Mtume Muhammad naye alifundisha mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka.

Nimeitafakari sana amri ile ya Musa, na kinachonishika ni kwamba haimuulizi kibarua kama alikubali kungoja. Wakili atasema mkataba ni mkataba, na sahihi ni yangu. Ni kweli, nilitia sahihi. Ningefanyaje, na mishiri ilikuwa imeshachanua? Torati inaliangalia jambo lenyewe: huyu ni maskini, na moyo wake uko kwenye ujira huo. Mwenye shida hukubali mengi, na kukubali kwake hakumpi mwenye nguvu ruhusa ya kumcheleweshea.

Sasa hizo pesa za vibarua nazitoa wapi? Nakopa kwenye chama chetu cha akina mama, kwa riba, kila msimu. Mimi mwenye nusu ekari nalipa riba ili kampuni ikae na pesa yangu mwezi mzima, nayo kampuni inaisubiri supamaketi ya ng'ambo ambayo imeshauza mishiri ile na kupokea pesa taslimu. Aliye chini kabisa anamkopesha aliye juu kabisa. Sijui jina jingine la jambo hilo isipokuwa dhuluma, hata kama kila mmoja katikati ni mtu mwema.

Na wengi ni watu wema. Bila kampuni hizi za wasafirishaji, hakuna mtu wa hapa kwetu, wa Munyu au Ngoliba, ambaye angeuza hata ganda moja London au Amsterdam. Vyumba vya baridi, nauli ya ndege, vipimo vya mabaki ya dawa, hasa baada ya Umoja wa Ulaya kuongeza ukaguzi wa mishiri ya Kenya mwaka 2013: hayo yote wanayalipia kabla hawajaona faida. Serikali ikisema itasaidia biashara binafsi za kilimo zikue, mimi naunga mkono kwa mikono miwili.

Ila msaada huo umfikie nani? Sheria zimeshajaribu kumlinda muuzaji anayecheleweshewa. Supamaketi za Uchumi na Nakumatt hapa Kenya zilipoanguka, waliokuwa wakiziuzia bidhaa waliachwa na madeni ya mabilioni, na mwaka 2019 Sheria ya Ushindani ilirekebishwa kuwabana wanunuzi wakubwa wanaochelewesha malipo bila sababu ya haki. Mwaka huo huo Umoja wa Ulaya ulitoa agizo kwamba mazao yanayoharibika upesi yalipwe ndani ya siku 30, na likamlinda hata muuzaji aliye nje ya Ulaya. Sheria nzuri hiyo ya Ulaya. Lakini muuzaji inayemjua ni yule aliyeuza moja kwa moja kule, yaani msafirishaji wa Nairobi. Huku kwetu haifiki.

Katika Mathayo 20, mwenye shamba la mizabibu anamwagiza msimamizi wake awalipe watu jioni, akianza na walioajiriwa mwisho. Wahubiri hukaa kwenye ile dinari moja waliyopewa wote sawa. Mimi hukaa kwenye foleni: waliokuwa wamesimama sokoni mchana kutwa bila kazi ndio waliotangulia kupokea.

Kwa hiyo mikopo nafuu ya serikali ikimwendea msafirishaji, iwe na sharti. Nusu ya bei ilipwe siku kreti zinapopimwa shambani, na nusu baada ya uchambuzi wa ghalani, mwakilishi wa wakulima akiwapo mizani inaposomwa. Gharama ya kungoja ataibeba msafirishaji na benki yake, na riba anayotozwa yeye ni ndogo kuliko ya chama chetu.