Nia Baada ya Kupita Kituo

Katika besiboli, mpigaji akishaupiga mpira hukimbilia kituo cha kwanza, mwendo wa mita 27 na ushei, kwa kasi yake yote. Hapo sheria inampa ruhusa asiyoipata katika kituo cha pili wala cha tatu: akishakikanyaga anaweza kupitiliza, na maadamu anarudi mara moja, hakuna wa kumtoa kwa kumgusa na mpira. Akijaribu kwenda cha pili, ruhusa imekwisha. Watu wengi huamini kwamba aliyegeukia kushoto tayari amepoteza kinga yake, kwa kuwa kituo cha pili kiko upande huo. Sheria haisemi hivyo. Inauliza jambo gumu zaidi: je, alijaribu kwenda? Mchezo huu una uwanja wake pale shule ya sekondari ya Azania, Dar es Salaam, uliojengwa kwa msaada wa Japani, lakini swali lake si geni kwa watu wa Kilwa, na nashikilia kwamba ndilo swali la haki.

Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliwakuta watu wake wakifuata madhehebu ya Imamu Shafi'i, nayo ndiyo yanayofuatwa hadi leo na Waislamu wengi wa pwani hii. Fiqhi hiyo inadai nia katika ibada. Anayesali huileta nia yake pamoja na takbira. Ila inapofika mahali pa mtu kumhukumu mwenzake, hujizuia. Chukua talaka. Mume akitamka neno la wazi, talaka imepita, hata akidai baadaye kwamba hakukusudia. Akitamka neno la kinaya, kama kumwambia mkewe arudi kwao, haipiti ila iwe ndiyo nia yake. Kugeuka kushoto ni kinaya. Mwili uliotoka mbio lazima ugeukie mahali, na bega lililoinama upande ule ni la anayerudi kama lilivyo la anayekwenda. Hatua mbili tatu za nguvu kuelekea kituo cha pili, hizo ni tamko la wazi, hata kama mwenyewe atasita na kurudi.

Atasema mtu: basi mwamuzi anaingia moyoni mwa mkimbiaji, na huko ni kwa Mungu peke yake. Hoja hii naiheshimu. Mtume alimkaripia Usama bin Zaid kwa kumuua vitani mtu aliyekwisha kutamka shahada. Usama alidai yule aliogopa silaha tu, naye akaulizwa kama alikuwa ameupasua moyo wa marehemu. Lakini tazama kisa hicho kinakataza nini. Kinakataza kuiacha ishara iliyo wazi na kufuata dhana. Anayemtoa mchezaji kwa kugeuka tu ndiye anayetenda kosa hilo, maana amedhania safari nzima kutokana na bega. Vivyo hivyo pale Somanga, kando ya barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi, basi likiwapita wauza samaki halijakataa kusimama. Chuma kizito namna ile hakigandi papo kwa papo. Mwenye sinia hutazama taa nyekundu za nyuma, na mlango kama konda ameshaufungua. Taa ya pembeni peke yake haimtoshi, kwani dereva huiwasha pia akirudi upande wake baada ya kulipita lori.

Pingamizi zito zaidi ni la urahisi. Sheria ya upande ingehukumiwa na yeyote mwenye macho, bila ubishi na bila upendeleo. Ni kweli, lakini urahisi huo ungekuwa wa mwamuzi, na gharama yake ingelipwa na mkimbiaji anayeadhibiwa kwa jambo ambalo hakulitenda. Nakubali kwamba waamuzi wawili wanaweza kuutazama mkimbio mmoja wakatofautiana. Hata hivyo watabishana juu ya hatua zilizopigwa mchangani mbele ya wote, ngapi zilikuwa na zilielekea wapi, na mkimbiaji mwenyewe anaweza kusimama akawajibu.